Daktari Hakunipa Kitu

Nilipopangiwa zahanati yangu ya kwanza katika Bonde la Kilombero, katikati ya miaka ya 1980, kikohozi cha mtoto kilikuwa na mafundi wawili kijijini: mkata kimeo na mimi. Mkata kimeo ndiye aliyetangulia. Mtoto akikohoa hadi wiki ya pili, bibi yake alimtoa uani kwenye mwanga, akampanua kinywa, akakitazama kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo na kutangaza kwamba kimerefuka, ndicho kinachomtekenya. Mzee wa kazi hiyo akaitwa, akaja na kisu chake kilichopinda, kimeo kikaondolewa. Siku chache baadaye kikohozi kilikoma na sifa za mzee zikavuka mto. Hakuna aliyeuliza kama kingekoma chenyewe. Waliotokwa na damu isiyokatika, au waliopata pepopunda, ndio walioletwa kwangu, na baadhi yao walikuwa wameshachelewa.

Mimi nilikuwa mganga msaidizi wa vijijini, kada ambayo siku hizi haipo tena. Watu wote waliniita daktari, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine karibu wa kulidai jina hilo, tulikubaliana. Zahanati ilikuwa na chumba cha kuonea wagonjwa, chumba cha sindano, na jiko la mafuta ya taa lililochemsha mabomba ya sindano ya kioo tangu alfajiri. Dawa zilikuja kwenye maboksi yaliyofungwa, chini ya mpango wa dawa muhimu ulioanza miaka michache kabla kwa fedha za Denmark na usimamizi wa UNICEF. Wakubwa zangu walisimulia kwamba zamani kidogo zahanati ya kijijini iliweza kukaa muda mrefu na aspirini peke yake, kwa hiyo siku ya kufungua boksi ilikuwa siku ya furaha. Humo mlikuwa na klorokwini, dawa za minyoo, dawa za macho, na vile vichupa vya unga mweupe wa penisilini ambao nchi nzima iliujua kwa herufi tatu: PPF.

PPF ilichomwa takoni mara moja kwa siku, siku tano mfululizo. Iliuma. Mtu mzima na ndevu zake alitoka chumba cha sindano akichechemea na kujishika nyonga, na nadhani uchungu huo ndio ulioipa dawa ile heshima. Mama aliyeondoka kwake usiku na kuvuka mashamba ya mpunga yaliyojaa maji, mtoto mgongoni, alitaka kuona jambo likifanyika. Ukimwambia amnyonyeshe mtoto zaidi, ampe vinywaji vya uvuguvugu, kikohozi kitaisha, alikusikiliza kwa adabu zote. "Haya, dokta." Kisha akatoka, na chini ya mwembe wenzake wakamuuliza ameambiwaje. Akajibu: daktari hakunipa kitu.

Lalamiko hilo limenifuata kwa miaka yote ya kazi, Kilombero, Dar es Salaam, na hapa Morogoro nilipotulia baada ya kustaafu. Watu huandika kwamba antibiotiki zinatumika ovyo kwa mafua kwa sababu ya ujinga: wagonjwa hawajui kirusi ni nini na wauza dawa hawajali. Mimi nimeona vingine. Elimu ilikuwapo mapema kabisa. Kilichokosekana ni kitu cha kumpa mgonjwa badala ya dawa, na kitu cha kumpa mganga moyo wa kutoitoa.

Elimu yenyewe si ngumu. Penisilini na ndugu zake, ampisilini na amoksilini, huvuruga ujenzi wa ukuta unaomzunguka bakteria. Ukuta ukiwa dhaifu, bakteria hupasuka na kufa. Kirusi hana ukuta huo. Hana hata karakana yake mwenyewe, huingia ndani ya seli zetu na kutumia mitambo iliyomo humo kujizalisha. Kumpa penisilini mtu mwenye kirusi cha mafua ni sawa na trafiki kumwandikia faini ya kengele ya baiskeli mtu anayetembea kwa miguu. Dawa haimgusi kirusi, ila inawafagia bakteria wasio na hatia walioko tumboni, ndiyo maana mtoto hurudi na kuhara juu ya kikohozi, na wanaobaki ni wale waliokwisha kuizoea. Haya tulifundishwa chuoni. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945 alitumia nafasi hiyohiyo kuonya kwamba mtu akijitibu kwa dozi ndogo atawaacha wadudu hai na kuwazoesha dawa. Onyo hilo lilikuwa limeshafikisha miaka 40 nilipofungua boksi langu la kwanza.

Lakini naomba vijana wa leo wasituhukumu haraka. Nimonia ilikuwa inaua, tena kwa kasi. Chukua mtoto wa miezi minane anayekohoa na kuhema, zahanati haina eksirei wala kipimo cha oksijeni, masika imekata barabara, na hospitali ya Ifakara iko ng'ambo ya maji. Ukimchoma sindano asiyeihitaji, hakuna atakayejua, hata wewe mwenyewe hutajua. Usipomchoma anayeihitaji, utahudhuria mazishi, na utakaa mbali kidogo na wafiwa. Hesabu hiyo kila mganga aliifahamu bila kufundishwa na mtu. Tulichoma. Wako watoto waliookoka kwa sindano zile, na wako wengi zaidi waliolizwa bure, na kwa macho matupu hapakuwa na namna ya kuwatenganisha.

Kipimo kilichoaminiwa na wengi kilikuwa rangi ya makamasi. Yakiwa meupe ni mafua, yakigeuka kijani ni "maambukizi", mpe dawa. Wapo wanaokitumia hadi leo, na nimewasikia wenye shahada wakikitetea. Rangi ile ya kijani hutokana na chembe nyeupe za damu zinazokwenda kupigana puani, na chembe hizo hazichagui: huitikia kirusi kama zinavyomwitikia bakteria. Mafua ya kawaida kabisa huanza na maji, yakawa mazito, yakawa ya kijani, kisha yakakauka. Mama aliyeanza dawa siku ya kijani aliona mtoto anapona na kuisifu dawa, kama vile bibi alivyomsifu mkata kimeo.

Mwaka 1991 mambo yalibadilika kwa njia ambayo sisi wa serikalini tulichelewa kuiona. Huduma binafsi za afya za kibiashara, zilizopigwa marufuku mwaka 1977, ziliruhusiwa tena. Haukupita muda, kila kituo cha basi kikawa na zahanati ya mtu na maduka mawili matatu ya dawa baridi. Kisheria maduka yale yaliruhusiwa kuuza dawa za maumivu, za minyoo na nyingine zisizohitaji cheti. Kiuhalisia yaliuza kile mteja alichotaka, na mteja alitaka rangi mbili. Alimaanisha kapsuli, yoyote, ilimradi nusu yake iwe rangi moja na nusu nyingine rangi nyingine: tetrasaiklini, ampisilini, amoksilini, Ampiclox. Ziliuzwa kwa kuhesabiwa kama karanga. "Nipe rangi mbili nne." Dozi nzima ya siku tano ilihitaji kumi na tano au zaidi, lakini fedha ilikuwa ya nne, na siku ya pili mtu akijisikia nafuu, mbili zilizobaki zilifungwa kwenye kipande cha gazeti na kuwekwa kabatini zimsubiri mgonjwa mwingine. Nimeona kapsuli zikifunguliwa na unga wake kunyunyizwa kwenye kidonda. Nimeona unga huohuo ukikorogwa kwenye maji ya kuku.

Sisemi wenye maduka walikuwa watu wabaya. Mtu aliyefika dukani alikuwa ameshapiga hesabu ya nauli ya kwenda kituo cha afya, foleni ya kutwa, na uwezekano wa kuambiwa dawa zimeisha. Duka lilikuwa wazi saa mbili usiku, na halikumgombeza. Baadaye, kuanzia majaribio ya Ruvuma mwaka 2003, serikali iliyageuza kidogo kidogo kuwa maduka ya dawa muhimu, wauzaji wakapewa mafunzo na orodha ya antibiotiki chache wanazoruhusiwa kuuza kwa cheti. Yakawa bora. Cheti, kama ujuavyo, ni habari nyingine.

Ya kwanza kunipa tumaini ilikuwa saa ndogo ya plastiki.

Mwaka 1996 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuanza mpango wa WHO na UNICEF wa kumtibu mtoto kwa ujumla wake, tuliouita kwa herufi zake, IMCI. Ulianza kwa nguvu Morogoro Vijijini na Rufiji. Sisi wa Kilombero na wenzetu wa Ulanga tulipangwa kuwa wilaya za kulinganishwa nazo, yaani tuendelee na mambo yetu kama kawaida ili wataalamu waone tofauti. Tofauti ilionekana: vifo vya watoto kule vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 kuliko kwetu. Nilipoyasoma hayo nilijisikia kama mtu aliyeambiwa kuwa shamba lake ndilo lililoachwa bila mbolea makusudi. Lakini kabla ya matokeo hayo, nilipokwenda kumtembelea mwenzangu wa chuo upande wa Matombo, niliiona saa yenyewe ikifanya kazi.

Ilikuwa saa ya kuhesabia pumzi. Unaibonyeza, inatoa mlio wa kwanza ikifika nusu dakika na wa mwisho dakika ikitimia. Mtoto anatulizwa mapajani, nguo inapandishwa, unatazama tumbo likipanda na kushuka. Mwenye miezi miwili hadi kumi na moja, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nimonia. Mwenye mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Halafu unatazama kama kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa. Kitabu cha mwongozo kilikuwa na rangi tatu: pinki mpeleke hospitali haraka, njano mpe antibiotiki akatibiwe nyumbani, kijani ni kikohozi au mafua tu, mfundishe mama kulainisha koo la mtoto kwa kitu salama na umweleze dalili za kumrudisha. Kijani hakikuwa na antibiotiki. Iliandikwa hivyo, na wizara ikagonga muhuri.

Kilichonishangaza ni namna mwenzangu alivyoitumia. Alimpa mama ile saa aishike. Wakahesabu wote wawili kwa sauti, kama watoto wa darasa la kwanza, mpaka mlio wa mwisho. "Thelathini na tatu, mama. Ingefika arobaini ningeshtuka. Kifua umekiona, hakibonyei." Mama akaitikia kwa kichwa. Akatoka na parasetamoli na maelekezo ya chai ya limau, na sikumsikia akinung'unika mlangoni. Alikuwa amepimwa. Kuna jambo lilikuwa limefanyika mbele ya macho yake, naye mwenyewe alikuwa mshiriki.

Basi nikadhani tumeshinda. Nilipopata mafunzo hayo mwenyewe, siku 11 za darasa na wodi, nilirudi nikiwa mhubiri. Foleni ikanirudisha duniani. Asubuhi ya Jumatatu yenye watoto themanini, dakika moja ya kuhesabu kwa kila mmoja ni zaidi ya saa nzima, hapo hujamhesabu yule aliyelia ikabidi uanze upya. Saa zikaanza kuishia kwenye droo. Betri ilipokufa, kituo hakikuwa na fungu la betri. Ukipita kwenye vituo vingi uliona chati ya rangi tatu ukutani, imebandikwa vizuri kabisa, na chini yake mganga akiandika antibiotiki ya Septrin kabla mama hajamaliza sentensi.

Kisha kikaja kipimo cha haraka cha malaria, na hapa ndipo niliposhuhudia jambo la ajabu kuliko yote.

Wakati huo nilikuwa nimehamia Dar es Salaam, katika kituo cha afya cha manispaa. Kwa miongo yote ile homa ilikuwa malaria. Mtoto wa moto alipewa klorokwini. Klorokwini iliposhindwa na kuondolewa mwaka 2001 alipewa SP. Mwishoni mwa 2006 tukaanza dawa mseto. Homa ya mafua nayo ilipewa dawa ya malaria, na kwa kuwa homa ya mafua hushuka yenyewe siku ya tatu, dawa ilipata sifa. Sasa kikaja kile kipande cha plastiki: tone la damu, matone ya dawa, subiri dakika kumi na tano, mistari miwili ni malaria, mmoja siyo. Ghafla tukagundua kwamba malaria mjini ilikuwa kidogo mno kuliko tulivyokuwa tukiandika kwenye rejesta. Watafiti waliofuatilia vituo vya Dar es Salaam walikuta wagonjwa waliopewa dawa za malaria wameshuka kutoka asilimia 75 hadi 20. Ushindi mkubwa. Na hao hao walikuta kwamba waliopewa antibiotiki wamepanda, kutoka asilimia 49 hadi 72.

Mimi sikuhitaji jarida kunieleza hilo, nililiona mezani kwangu. Mama anakuonyesha mstari mmoja. "Hakuna malaria, dokta? Sasa mwanangu anaumwa nini?" Swali zuri kuliko yote yanayoulizwa hospitalini, na jibu la kweli lilikuwa "kirusi, sijui kipi, na kitaondoka". Nani ataongea hivyo mbele ya mtu aliyeacha genge lake tangu saa kumi na mbili asubuhi? Tulikuwa tumenyang'anywa dawa moja bila kupewa kitu cha kuweka mahali pake, na amoksilini ikaijaza nafasi ile siku hiyohiyo. Waliopanga kipimo cha malaria hawakukosea kuhusu malaria. Walisahau tu kwamba mtoto asiye na malaria bado ana homa, na mama yake bado yuko mbele yako.

Jibu la "anaumwa nini" lilitafutwa vizuri, na lilitafutwa Dar es Salaam na Ifakara kwetu. Mwaka 2008 watafiti waliwapima watoto 1,005 wenye homa, wakachukua damu, mkojo na makamasi, wakapiga eksirei waliohitaji, wakatafuta karibu kila mdudu anayetafutika. Majibu yalichapishwa mwaka 2014. Watoto saba katika kila kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi. Maradhi ya njia ya hewa yaliongoza kwa mbali, na katika hayo nimonia iliyoonekana kwenye eksirei ilikuwa sehemu ndogo sana. Malaria ilimhusu takriban mtoto mmoja katika kumi. Nilisoma nikiwakumbuka watoto wa benchi letu la kule bondeni, waliojifunza kulia wakisikia tu jiko la kuchemshia sindano likipigwa pampu.

Wenzangu wengi, hata baada ya kukubali kwamba ni virusi, walibaki na hoja moja: tunampa ili mafua yasije yakageuka nimonia. Hoja hiyo inasikika ya kiutu, na ndiyo ngumu kuijibu. Ilipimwa Uingereza kwa kumbukumbu za madaktari wa familia, ikachapishwa mwaka 2007: ili kumkinga mtu mmoja asipate nimonia baada ya mafua, ilibidi kuwapa antibiotiki watu zaidi ya 4,000. Kwetu kinachozuia nimonia kimekuja kwa njia nyingine kabisa. Chanjo ya Hib ilianza mwaka 2009, ya nimokoka ikafuata mwanzoni mwa 2013, na kwa maoni yangu mlango wa kliniki ya chanjo umeokoa vifua vingi kuliko mkono wangu.

Gharama ya upande wa pili niliiona wodini. Utafiti wa hospitali ya Muhimbili uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia watoto waliolazwa wakiwa na bakteria kwenye damu. Zaidi ya mmoja katika watatu alifariki, na pale bakteria alipokuwa sugu kwa dawa aliyopewa mtoto, uwezekano wa kufa uliongezeka. Hao hawakuwa watoto wa mafua. Ni watoto waliohitaji antibiotiki kwelikweli, wakaikuta imeshachakaa. Kwa dunia nzima, makadirio ya mwaka 2019 ni vifo milioni 1.27 vilivyosababishwa moja kwa moja na usugu huo, na Afrika iliyo kusini mwa Sahara ndiyo inayobeba mzigo mzito zaidi.

Katika miaka yangu ya mwisho kazini nilianza kuwaandikia akina mama tarehe. Utafiti uliokusanya habari za watoto wengi unaonyesha kwamba kikohozi cha mafua huisha kwa nusu ya watoto ndani ya siku 10, na kwa watoto tisa katika kumi ndani ya siku 25. Siku 25! Hakuna bibi anayevumilia kikohozi siku 25. Kimeo kingekuwa kimeshakatwa, kikaota na kukatwa tena. Watu hutarajia kikohozi kiishe ndani ya wiki, kikipita wiki wanaona ugonjwa umekuwa mkubwa. Kwa hiyo nikawa naandika kwenye kadi ya kliniki: kitapungua tarehe fulani, kitaisha tarehe fulani, na chini yake mambo ya kumrudisha mara moja: anapumua haraka, kifua kinabonyea, hanyonyi wala hanywi, degedege, amelegea kabisa. Mama aliondoka na karatasi yenye maandishi ya daktari. Wengi walirudi tarehe ile kunionyesha mtoto mzima. Baadhi walikuja kunigomba kwamba nimekosea kwa siku mbili.

Korona ilipofika Machi 2020 nilikuwa nimeshastaafu, lakini simu haistaafu. Ulikuwa ugonjwa wa kirusi, na kila redio ilitangaza hivyo, lakini watu wazima, walimu, wafanyabiashara, mchungaji wangu, walinipigia kuuliza antibiotiki ya azithromycin wanywe ngapi. Waliojifukiza mvuke wa nyungu waliichanganya nao. Jaribio kubwa la Uingereza lilikuja kuonyesha, kwa wagonjwa zaidi ya 7,000 waliolazwa, kwamba azithromycin haikuwapunguzia vifo. Mchungaji alipona, na hadi leo anaitolea ushuhuda.

Mwaka jana kijana mmoja afisa tabibu, mtoto wa jirani yangu, alinikaribisha zahanati yake nje kidogo ya mji nione kishikwambi. Kinamuuliza maswali hatua kwa hatua: umri, siku za homa, pumzi, kifua. Kinamwambia amwekee mtoto kipimo cha oksijeni kidoleni, na wakati mwingine achukue tone la damu kupima CRP, protini inayopanda sana mwili unapopambana na maambukizi makali ya bakteria. Mwisho kinapendekeza: mpe, au usimpe. Mpango huo ulijaribiwa katika vituo 40 vya mikoa ya Morogoro na Mbeya. Kwenye vituo vilivyokitumia, watoto waliopewa antibiotiki walikuwa asilimia 23. Kwenye vituo vilivyoendelea kama zamani, asilimia 70. Waliokosa dawa hawakuzidiwa kuliko wenzao.

Nilimuuliza kijana kama kishikwambi kina akili kuliko yeye. Akacheka. "Hapana, mzee. Haya yote nilisoma chuoni. Ila mimi nikimwambia mama kwamba mwanawe hana haja ya dawa, ananiona mtoto mdogo. Kikisema kishikwambi, ananyamaza." Akaongeza kwamba kinachukua muda, bando likiisha hakitumi taarifa, na umeme ukikatika siku mbili anarudi kwenye kichwa chake. Nikaona saa ya plastiki imerudi, safari hii na kioo.

Lakini kishikwambi kinaishia kwenye geti la zahanati. Ng'ambo ya barabara kuna duka la dawa, safi, feni inazunguka, binti mwenye koti jeupe. Nilivuka kununua dawa yangu ya presha.

"Shikamoo, babu."

Tukazungumza. Alinieleza kwa upole kwamba mafunzo ameyapata na amri anazijua. Akimnyima mteja, mteja anakwenda duka la tatu kutoka hapo, ambako hawaulizi. Tukiwa katika maneno hayo akaingia baba mmoja, mtoto begani, pua zinatiririka. Alitaka amoksilini. Binti akanitazama. Nikamwomba baba akae, tukahesabu pumzi kwa saa ya simu yangu: 31, mtoto wa miaka miwili, kifua kimetulia, anakula biskuti. Nikamwandikia tarehe nyuma ya boksi la dawa yangu. Akanishukuru sana, akanunua parasetamoli, akafika mlangoni, akageuka.

"Na zile za rangi mbili, dada, nipe mbili tu. Za akiba."